Paa la Mukarugwiza

Télesphore Twizeyimana alitangaza wakati wa chakula cha jioni kwamba familia yake itajitolea. Hakuuliza nani anataka. Mkewe, Médiatrice, alikuwa anagawa maharage, na binti zao wawili, Kaliza na Uwineza, wakatazamana.

"Lakini Jumamosi tunakwenda umuganda, baba," alisema Kaliza. "Asubuhi nzima tunachimba mitaro."

"Umuganda ni kazi ya lazima, amri ya serikali. Mimi nazungumzia moyo. Jumamosi mchana tutakwenda kwa hiari yetu, wote, na asiyetaka atanieleza kwa nini."

Sisi majirani zake wa Kagarama tulijua moyo huo umetoka wapi. Padri alikuwa ametangaza kwamba siku ya Pasaka parokia itachagua familia ya mfano, na Twizeyimana, bosi mdogo katika wizara moja mjini, hajawahi kuona kiti cha mbele asikitamani. Ilikuwa mwaka 1991. Vita ilikuwa kaskazini mwa nchi na watu wengi walikuwa wanaomba waachwe hai tu. Yeye aliomba achaguliwe.

Aliyeangukiwa na wema huo alikuwa Mukarugwiza, mjane aliyeishi peke yake chini ya mteremko, katika nyumba ya vigae vya zamani. Paa lake lilivuja mahali pamoja, karibu na mlango. Alikuwa ameweka sufuria hapo, akaendelea na maisha yake. Twizeyimana alimwendea akiwa amevaa tai.

"Mukecuru," alisema, kama tunavyowaita mama zetu wazee, "tumekuja kukutoa katika aibu hii. Tutakuwekea mabati mapya."

"Aibu gani? Nibadilishie vigae vitatu tu, mwanangu, Mungu akubariki."

Vigae vitatu! Nani atapigwa picha ya vigae vitatu?

Mabati yenyewe yalikuwa bado njiani. Mpaka wa kaskazini ulikuwa umefungwa, malori yakizunguka Tanzania na kuingilia Rusumo. Médiatrice alimsihi mumewe angoje yafike kwanza, ndipo ang'oe vigae. "Yatafika Jumatatu," alijibu. "Mwenye duka ameniapia." Tena picha ya familia ikifanya kazi ilitakiwa isafishwe na kubandikwa kanisani kabla ya Pasaka, na Saidi, mpigapicha wa mtaa wa Biryogo, alishakubali kuja.

Jumamosi mchana tukawaona wote wanne juu ya paa, wamevaa mashati meupe ya kushonesha, mapya. Saidi alikuwa amefunga Ramadhani, hana nguvu ya kubishana, lakini alijaribu.

"Mzee, iko wingu kubwa pale."

"Wewe piga picha. Uwineza, tupa kigae! Tupa juu, kionekane!"

Vikatupwa juu, vikaonekana, vikapasuka. Saidi alipofunga kamera yake hapakuwa na kigae kizima, na matone ya kwanza yalikuwa yanatua kwenye godoro la Mukarugwiza. Bibi alitoka nje na mbuzi wake, akatazama juu, kisha akamtazama mfadhili wake.

"Sasa mimi nalala wapi?"

Tulikuwa tumejaa pale, na katekista wa parokia yuko mbele. Twizeyimana alitutazama mmoja mmoja, na shati lake likiwa limeshaanza kumganda mgongoni.

"Kwetu!" alisema kwa sauti kubwa. "Nyumba yetu ni yako!"

Jumatatu mabati hayakufika. Pasaka ilifika. Padri aliiita familia ya Twizeyimana, familia ya mfano, mbele ya waumini, akawasifu kwa kumchukua mjane nyumbani kwao, "kama mama yao mzazi." Twizeyimana aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi. Pembeni yake Mukarugwiza alisikiliza kila neno.

Tangu siku hiyo alikuwa mama mzazi kweli. Alihamia kwenye kochi la Twizeyimana, lile linalotazama redio, akawa anavuta kiko chake hapo. Mbuzi alilala jikoni. Siku moja bibi aling'oa maua yote mbele ya nyumba na kupanda maharage, kwa sababu, alisema, maua hayaliwi. Na Twizeyimana alipoanza mezani zile hotuba zake ndefu, ambazo kwa miaka yote hakuna aliyethubutu kuzikatiza, bibi aligonga sahani.

"Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."

Médiatrice aligeuka ukutani kuficha kicheko. Siku nyingine hakukificha.

Mwezi wa pili wa kukaa naye, Twizeyimana alijaribu kumwondoa kwa upole. "Mukecuru, huwakumbuki majirani zako?"

"Padri amesema mimi ni mama yako. Sogea, siisikii redio."

Mabati yalifika Juni. Sasa Twizeyimana alihitaji watu wa kumsaidia kuezeka. Tulimwambia hapana, hii ni kazi ya hiari ya familia, tusiiharibu kwa kuingilia. Binti zake walikuwa na mitihani. Kwa hiyo kila alipotoka kazini alivua tai, akapanda ngazi peke yake, akagongomea mabati pamoja na vidole vyake, huku bibi amekaa chini kwenye kigoda akimwelekeza.

"Hilo limekaa upande! Ng'oa urudie!"

Aling'oa, akarudia. Niseme ukweli, mwishowe lilikuwa paa zuri, halivuji popote. Siku ya mwisho alilibeba godoro la bibi kichwani mwenyewe, mbio mbio, kama mtu anayeokoa mali kwenye moto.

Jioni hiyo aliketi kwenye kochi lake, akawasha redio, akangoja chakula. Nyumba ilikuwa kimya. Alimwita Médiatrice, hakuna jibu. Aliwaita wasichana, hakuna. Jikoni alikuta sufuria ya maharage yaliyopoa.

Aliteremka kwa Mukarugwiza. Toka njiani alisikia vicheko. Ndani, mkewe na binti zake walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanamenya viazi, na Kaliza alikuwa anamuigiza mtu fulani anayehutubia. Kaliza alipomwona baba yake aliketi upesi, akachukua kiazi.

"Mnarudi saa ngapi?" aliuliza Twizeyimana.

"Tukimaliza," alisema Médiatrice, bila kuinua macho kutoka kwenye kiazi chake.

Alibaki amesimama mlangoni, akingoja akaribishwe. Mukarugwiza alimwacha asimame kidogo, kisha akamwambia aingie, ila anawe miguu kwanza.