Pindo la Vidole Vinne

"Vidole vinne vya kitambaa vimelala ndani ya kila sketi, havionekani na mtu!" mdogo wangu alifoka, chaki mkononi. "Ndiyo biashara uliyosomea hiyo, dada? Kuficha jora zima kwenye sketi za watoto?"

"Stashahada yangu iache ilale. Chora pindo la mama."

"Mama hayupo."

"Kwa hiyo na watoto wameacha kurefuka?"

Tulikuwa tumeinamia meza ya kukatia, kitambaa cha bluu cha sare kimetandazwa mbele yetu, na shule zinafunguliwa wiki inayofuata. Yeye anakata, mimi nashona. Ndivyo tulivyogawana kazi tangu mama alipotuachia chumba hiki na cherehani zake mbili. Mama alimwita Chapchap tangu utotoni, na jina halikumwonea: alikuwa na haraka hata ya kuzaliwa. Sasa alitaka pindo la vidole viwili, kama mafundi wengine wote. Nisipokubali, alisema, fundi wa ng'ambo ya barabara ameshamwekea meza, na anahamia leo leo.

"Nguo isipombana mtoto, mzazi atarudi kufuata nini?" alisema. "Mama alikuwa anafukuza wateja kwa wema."

Mama alikunja vidole vinne, akashona kwa mishono mirefu, milegevu, ili mzazi yeyote mwenye wembe afumue mwenyewe nyumbani bila kuturudia. Mimi nilifumuliwa kila mwanzo wa mwaka. Alinisimamisha juu ya kigoda, amebana pini midomoni, akashusha kidogo, akaniambia nigeuke, akashusha tena. Sehemu iliyokuwa imefichwa ilitoka na bluu yake mbichi, na ile ya juu ilikuwa imepauka kwa jua, basi nikaenda shule na sketi ya rangi mbili. Wenzangu walinicheka. Nililia, nikataka mpya. "Waambie umerefuka," mama alisema, bila kutoa pini mdomoni.

Wakati ule niliona ni maneno ya mtu asiye na nguo mpya ya kumpa mwanawe. Siku hizi nikimwona msichana njiani mwenye mstari ule kwenye sketi, naganda. Nasikia tena mkono wa mama kwenye goti langu, una joto la pasi.

"Unanisikiliza lakini?" Chapchap aligonga meza.

"Nakusikiliza. Unasema ujinga kwa sauti kubwa."

"Hodi! Mnagombana kama mume na mke," akaingia Mama Kicheko, jirani aliyeshonewa na mama tangu darasa la kwanza, na sasa humleta binti yake kushonewa.

"Karibu, mama. Mume ningeshamdai talaka. Huyu nimezaliwa naye, nitamtupa wapi?"

Alicheka, lakini kidogo kuliko kawaida yake. Akaweka mezani sketi ya bluu yenye nyuzi zinazoning'inia.

"Nimefumua jana nimshushie mtoto. Nimeshamwambia mwaka huu tunaenda na hiihii, akafurahi. Kufungua, vidole viwili! Haimfiki magotini."

"Hukupima kwanza?" Chapchap aliuliza.

"Nipime nini, baba? Nguo ya hapa sijawahi kuipima. Nafumua tu." Alianza kuikunja sketi. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Si kitu. Nitamtafutia ya dukani."

Niligeuka kwa mdogo wangu. Mwaka jana nilikuwa nyumbani na mtoto mchanga, yeye akakata na kushona peke yake.

"Zote ulikata hivi?"

Alitazama chaki yake. "Zote. Nilijua hakuna atakayeona."

"Hawaoni, lakini ndicho wanachokifuata."

Nilimvutia Mama Kicheko kiti.

"Kaa hapo. Naiongezea kipande chini, unaondoka nayo." Kisha nikamwambia mdogo wangu, "Wewe ukitaka kwenda ng'ambo, barabara huijui? Kitambaa kikipungua naongeza jora. Pindo la vidole viwili humu limekwisha."

Hakuondoka. Nikamnyang'anya chaki. Nikaufuta mstari wake kwa kiganja, nikalaza vidole vyangu vinne ukingoni mwa kitambaa, nikachora wangu. Kukata si kazi yangu, na mkasi ule mkubwa haukuwahi kunizoea. Nikauchukua hivyo hivyo, nikauingiza kwenye bluu.

"Dada, unapindisha!"

"Basi shika, acha kupiga kelele."

Alizunguka meza, akashika upande wa pili, akauvuta ukanyooka. Nikakata mpaka mwisho.