Foleni ya Skrini ya Kwanza

Mwaka wa tisini na sita, ofisi ya mgao pale kambini Dadaab ilikuwa na kompyuta moja na dirisha moja, na Keynan, kijana wa Habaswein, ndiye aliyeketi kati ya hivyo viwili. Nje foleni ilianza alfajiri. Aliyechoka kusimama aliweka jiwe mahali pake akaenda kivulini, na hakuna aliyeruka jiwe la mwenzake.

Kompyuta ile ilikuwa ya Linux: kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Lakini ndani ya kioo hicho kimoja zilikaa skrini kadhaa. Ukishika Alt ukabonyeza F2, ya kwanza inakwenda nyuma, ya pili inakuja mbele. Ya kwanza haizimiki. Kazi yake inaendelea huko isikoonekana. Ila kibodi ni moja, nayo humsikiliza aliye mbele tu. Wa nyuma na apige kelele mpaka akauke koo.

Foleni nayo ilikuwa vivyo hivyo. Keynan akibonyeza F2, watu wa dirishani walikwenda nyuma, wasionekane, pamoja na mawe yao, wakaja wa skrini ya pili: wachache, waliooga, kazi yao kushukuru. Bosi Adow aliwapenda hao kuliko wanawe. Wafadhili wakija na kamera zao, walikuta hao. Hakuna aliyeshangaa. Njaa haimpi mtu nafasi ya kushangaa.

Siku hiyo Muslimo, dada wa baba yake Keynan, aliyekimbia vita ng'ambo ya mpaka, alifika dirishani na mjukuu mgongoni. Mtoto alikuwa akiharisha, macho yamezama.

"Nipe maziwa na ile dawa ya chumvi, Keynan. Huyu hafiki kesho."

Keynan alikwisha kuandika jina lake; ilibaki kubonyeza Enter. Vumbi la magari ya wafadhili likaonekana barabarani.

"Warya, kijana, badilisha skrini," Adow akasema.

"Mtu mmoja tu, bosi. Ni shangazi yangu."

"Kila mwanamke hapa ni shangazi wa mtu. Badilisha, au nimkalishe mwingine hapo."

Keynan alikipenda kile kiti, tusidanganyane.

"Nafasi yako haipotei, eeddo," alimwambia shangazi yake, akabonyeza.

Wafadhili walipiga picha, wakanywa soda, wakausifu utaratibu, wakaenda zao. Adow akaitazama ile foleni fupi na kimya chake, akaona raha. "Iache hivyo hivyo," akasema. "Wale si hawajazimwa?" Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Adow alikuwa amemla mbuzi wa wageni. Kefule!

Adow alipokwenda kuswali alasiri, Keynan aliirudisha skrini ya kwanza. Wote walikuwepo. Jina la Muslimo lilikuwa palepale lilipoachwa, likingoja Enter. Mwenyewe alisimama dirishani, mtoto sasa yuko mikononi, amefunikwa uso. Keynan alibonyeza Enter. Maziwa yakaletwa, na chumvi.

Muslimo aliyasukuma. "Hayo mpe mwenye mtoto. Mimi nipe shuka nyeupe."

Kompyuta haikuwa na mahali pa kuandika shuka. Keynan alikuwa bado anapatafuta Adow aliporudi, miguu ingali na maji ya udhu.

"Nani kakuambia ugeuze?"

Keynan aliinamia kibodi. Aliona aibu hata kuinua uso.

"Bonyeza, mwanangu," Muslimo akasema. "Huko nyuma nina watu wa kunisaidia kuchimba."

Akabonyeza. Foleni fupi ikaja mbele, na wa kwanza wao akaanza kushukuru.