Karatasi Ndani ya Sanda

Asmahan alikuwa akisimulia huku akila sambusa, na Maisara, shoga wa marehemu mama yake, alikuwa akimwogopa kwa jambo alilomficha. Msichana alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea mashairi ya Kiingereza, na mchana ule wa mwaka 2007 alikuja nyumbani kwa Maisara, mtaa wa Sparkbrook, Birmingham, na daftari lililojaa vituko vya washairi wa kale. Mmoja alifuga dubu chuoni kwa kuwa mbwa walikatazwa. Mwingine, maiti yake ilipochomwa ufukweni, inasemekana moyo ulikataa kuungua, mkewe akautunza mpaka naye akafa. Watu wana mambo!

Maisara alicheka kwa adabu. Ndipo Asmahan akafika kwa wa tatu, aliyemzika mkewe pamoja na mashairi yake mwenyewe, na baada ya miaka saba akatuma watu wamfukue wayatoe.

Maisara akakitua kikombe chake. Yeye ndiye aliyeiosha maiti ya Mwanamkasi, mama yake Asmahan, miezi minane nyuma. Mwanamkasi alikuwa mtunzi, na siku mbili kabla hajafa alimkabidhi shairi lake la mwisho, akamwomba alitie ndani ya sanda, mtoto asilione. Maisara akalitia waosha wenzake walipogeuka kuchukua karafumaiti ya kumpaka. Hata imamu hakumwambia.

"Nilikuwa mlangoni, Khalati," alisema Asmahan, aliyemwita hivyo kama mama mdogo. "I saw you."

Akatoa fomu mkobani, maombi ya kufungua kaburi. Ilikuwa imeshajazwa, bado sahihi tu. Alisema mama aliandika nakala moja, na yeye hana kingine cha mkono wake.

Maisara alimwona akilini shoga yake akichimbuliwa kwa sururu, sanda ikifunuliwa na watu wasiojua hata kusema bismillahi. Na hofu nyingine ilikuwa kubwa zaidi, nayo hakuweza kuitaja. Muosha husitiri. Alichokiona kwa maiti hakisemi, hata kwa mtoto wa maiti.

"Usimguse mama yako," alisema. "Shairi nililisoma. Ninalo kichwani."

Ilikuwa kweli. Beti kumi na mbili, zote za kumlilia Ahmada, mtoto wa kwanza wa Mwanamkasi, aliyeachwa Unguja kwa bibi yake na akafia huko mama hayupo. Ubeti wa mwisho ulisema tangu siku ile Mwanamkasi hakuweza kumpenda tena mtu yeyote. Asmahan alizaliwa miaka minne baadaye, hapa hapa Birmingham.

Msichana aliikazia macho fomu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo. "Mimi nimo?"

"Umo, mwanangu."

Asmahan akajifuta macho, akaigeuza fomu upande mweupe na kushika kalamu. "Basi nisomee, Khalati. Slowly, niandike yote."

Maisara hakuwahi kutunga hata mstari mmoja maishani mwake. Akafumba macho, akaanza.