Foleni ya Ng'ombe Dumila

Basi la Dodoma lilikuwa linashusha abiria, na Nasieku alikuwa anasukuma chapati kwenye banda la Mama Hildegarda, ng'ombe wa kwanza alipofika stendi ya Dumila. Alikuwa Nanyokie, yule mwekundu wa baba yake. Alikuwa amekuja peke yake kutoka mbugani. Alitazama kulia na kushoto, akavuka lami, akaenda kusimama mbele ya mlango wa maabara ya mifugo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa hiyo akangoja.

Kufikia mchana walikuwa wengi. Walipanga mstari mmoja, wenye mimba mbele, madume nyuma, na hakuna aliyemsukuma mwenzake, jambo ambalo stendi ile ilikuwa haijawahi kuliona kwa binadamu. Madereva walipiga honi kidogo, kisha wakazoea.

"Daktari, wagonjwa wako hao," Mama Hildegarda alisema huku akikoroga maharage.

"Sina wagonjwa, mama. Sijaajiriwa."

Hakudanganya. Wilaya ilionekana haina wataalamu wa ngazi ya juu, ukaanzishwa mpango wa kuziba pengo hilo. Mpango ulimsomesha Nasieku utaalamu wa maabara ya mifugo kwa fedha ya umma, yeye asitoe hata senti. Ukajenga maabara, ukanunua darubini. Fedha ilikuwa ya kusomesha na kujenga. Ya kuajiri ilitakiwa itoke fungu lingine, na kila ofisi ilisema fungu hilo liko ofisi ya jirani. Kila asubuhi Nasieku aliichungulia darubini dirishani, bado imevishwa nailoni ya dukani, halafu akaenda kukanda unga.

Ng'ombe kumfuata stendi kulitokana na haraka ya mzee Sendeka, baba yake. Katika boma lao, anayekabidhiwa mifugo hutambulishwa kwanza kwa mifugo yenyewe. Binti aliporudi chuoni, mzee hakungoja ajira itoke. Alfajiri alimwingiza zizini, akampitisha kwa kila ng'ombe, akimtaja kila mmoja kwa jina. "Huyu ndiye daktari wenu," alisema. "Mkiugua, mfuateni." Ng'ombe hawana mazoea ya kulitilia shaka neno la mwenye zizi. Walipougua walimfuata, na wa majirani wakapata habari malishoni.

Nasieku alivuka barabara na unga mikononi, akamshika Nanyokie sikio. Lilikuwa la moto. Huenda ilikuwa ndigana kali, huenda ilikuwa ndigana baridi; yote mawili ni magonjwa ya kupe, lakini dawa ya moja haiponyi jingine. Tone moja la damu chini ya darubini lingetosha kumaliza ubishi. Alimpigia simu Lupakisyo, mratibu wa mpango.

"Shikamoo, mratibu. Naomba ufunguo, nusu saa tu. Kuna ng'ombe atakufa."

"Marahaba. Dada Nasieku, nakuelewa sana. Lakini ufunguo anakabidhiwa mtumishi. Wewe si mtumishi, ni mnufaika."

Basi akakisia. Mzee Sendeka akanunua dawa ya ndigana baridi, Nasieku akachoma sindano, na Nanyokie akafa akiwa amelaza kidevu kwenye kizingiti cha maabara. Nasieku alilia mbele ya abiria bila kujificha. Alikuwa amekunywa maziwa ya ng'ombe yule tangu yuko sekondari.

Walimzika. Kesho yake asubuhi Nanyokie alirudi kwenye nafasi yake ya kwanza, na waliokuwa nyuma yake wakampisha. Baada ya wiki chache wafu walikaribia kuwa nusu ya foleni. Walijulikana kwa kukosa kivuli na kwa kutodondosha kinyesi, na Regina, mfagiaji wa stendi, alisema waziwazi kwamba anawapenda zaidi.

Lupakisyo alikuja na mpiga picha. Aliitembea foleni mwanzo hadi mwisho, akaridhika.

"Mwitikio ni mkubwa," alisema. "Na hii inathibitisha kwamba pengo la wataalamu bado lipo. Tunaanza awamu ya pili, tunasomesha wengine. Ufunguzi ni Mikumi, hotelini. Uje utoe ushuhuda."

Nasieku alienda. Alisimama mbele ya vijana waliovishwa fulana za mpango, akawaambia kwamba alisomeshwa vizuri, na hilo lilikuwa kweli. Aliwaambia pia kwamba mlango umefungwa. Walimpigia makofi kwa yote mawili, wakapewa chakula cha mchana.

Aliporudi Dumila alimkuta mzee Sendeka ameegemea fimbo kando ya foleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kuwaambia kwamba nilisema mapema mno, kabla ya ajira. Nimewaambia warudi nyumbani."

"Wamesemaje?"

"Walio hai wamenisikiliza, baadhi yao wameondoka." Alimtazama Nanyokie, kisha akatazama chini. "Hawa wengine wanasema wao hawana haraka."

Jioni ile Nasieku aliosha masufuria, akamwaga maji, akavuka barabara kama kila siku kwenda kulijaribu lile kufuli. Nanyokie alisogea hatua moja pembeni ili daktari apite. Kufuli halikufunguka. Nasieku alimpapasa paji la uso, ambalo sasa lilikuwa la baridi, akarudi kukanda unga wa kesho.