Ludell Ataka Namba Mbili

Siku Orvis Pickard alipozikwa, kaunti nzima ilikuwa kanisani ikilia na kusubiri kuku wa kukaanga, isipokuwa rafiki yake Dwight Hutto. Huyo aliingia wimbo wa tatu ukiisha, kucha zimejaa grisi. Mjane, Ludell, aliziona zile kucha. Aliporudi nyumbani akakuta gereji wazi, na ile injini kubwa ya silinda nane, aliyoiunda mumewe kwa miezi kumi na moja kwa ajili ya mbio za magari kwenye matope, haipo.

Polisi wakasema vyuma vyote vinafanana. Na kweli, Dwight alikuwa ameshakwangua namba za nje. Mwezi haujaisha, akawa anashinda nayo kila Jumamosi, akijisifu kaiunda mwenyewe. Dwight, ambaye kubadili plagi kunamlia asubuhi nzima.

Asichojua ni kwamba Orvis aligonga alama ya pili ndani, chini ya kifuniko cha juu. Ludell alijua, maana yeye ndiye aliyemshikia taa. Lakini nani atamfungulisha Dwight injini? Kanuni ya uwanja ule ni moja: aliyeshika namba mbili, yeye peke yake, anaweza kudai injini ya mshindi ifunguliwe hadharani ipimwe ukubwa. Wa tatu hana haki hiyo hata akilia.

"Basi nitakuwa wa pili," Ludell akamwambia dada yake Nettie.

"Una miaka sitini na minne na nyonga ya chuma."

"Ndiyo, tutakuwa chuma kwa chuma."

Akapata bloku ya injini ya lori bovu la taka, imefunikwa na magugu. Akaipeleka ikachongwe silinda. Pete za pistoni alizipiga tupa juu ya sinki la jikoni, moja moja, akipima mwanya kwa kibati chembamba. Mikono ya pistoni aliipasha moto kwenye oveni ili pini ziingie, na wiki mbili Nettie alikula mkate wa mahindi unaonuka oili bila kuambiwa kwa nini. Kila bolti aliyokaza aliitajia jina la Dwight, kisha akaiongezea robo mzunguko.

Alipoiwasha, kuku wa jirani waligoma kutaga. Ludell akacheka, halafu akanuna. Ilikuwa na nguvu kuliko alivyohitaji.

Jumamosi ya mbio Dwight akamwona kwenye usukani. "Shemeji, umekuja kutuuzia karanga za kuchemsha?"

"Nimekuja kukutazama, shemeji. Macho yangu bado mazima."

Walishindana wawili wawili, anayeshindwa anatoka; Ludell akawaondoa wapinzani wake mmoja mmoja, mpaka wakabaki yeye na Dwight, bega kwa bega mbele ya shimo la matope. Bendera ikashuka. Nusu ya shimo, Ludell alikuwa mbele gari zima. Watu wakawa wanaita jina la Orvis. Maishani hajawahi kushinda kitu, hata bahati nasibu ya kanisa, na mguu wake wa kulia ulitaka. Aliuondoa kwenye pedali kama mtu anayemnyang'anya mtoto peremende.

Gari likazama. Akageuka kumtafuta Dwight, akakuta naye anakohoa nyuma huko, kabureta imemshinda.

"Njoo, mbwa wewe," Ludell akanong'ona. "Njoo unishinde."

Dwight akaja taratibu, akampita, akammwagia tope usoni. Ludell akalitema na kumshukuru Mungu.

"Pole, shemeji," Dwight alisema akishuka. "Injini haikubali kila mkono."

Ludell akaenda kwa mwamuzi, mzee Cleve. Akamwomba kalamu, akaandika kitu kwenye karatasi, akaikunja na kumtia mfukoni. "Hiyo usome baadaye. Sasa nadai ya mshindi ifunguliwe."

"Mama huyu ana uchungu wa kufiwa tu," Dwight akasema.

"Ana uchungu na ana haki," akajibu Cleve. "Chukua spana. Mwenye injini ndiye hufungua."

Ludell akakalia boksi la barafu. "Hiyo siyo, shemeji. Hiyo ni ya baiskeli. Kubwa kidogo. Uliiunda mwenyewe na hujui inafunguliwa wapi?" Watu wakaanza kucheka. Dwight alitoa bolti kumi na sita huku jasho likimwingia machoni, na kwa kila moja Ludell alimwambia ahsante.

Kifuniko kikatoka. Cleve akafuta oili kwa kitambaa, akainama, akasoma. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaisoma pia. Herufi zilezile, O na L, na tarehe ileile. Akavua kofia, akamtazama Dwight mpaka Dwight akaangalia viatu vyake.

"Ni ya kwako, Ludell."

"Najua. Endelea, shemeji."

"Kuendelea na nini?" Dwight akauliza.

"Kuitoa. Bolti za chini bado."

Dwight akapiga magoti kwenye tope mbele ya watu waliokuwa wakimshangilia muda mfupi tu uliopita. Hakuna aliyemshikia mnyororo wa kuinulia injini. Injini iliponing'inia hatimaye juu ya gari la Nettie, Dwight akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji, na gari langu nitalitoaje hapa?"

Ludell alitazama lile gari, tumbo wazi, magurudumu yamezama nusu.

"Sukuma," akasema.