Nyota Zilizoshuka Mara Mbili

Pelenato alikuwa msemaji wa ukoo, na kisiwa kizima cha Savaii kilimjua. Akiweka usinga begani na kushika fimbo yake, hata mbwa walinyamaza. Hotuba ya harusi ilimchukua siku tatu: alizunguka nyumba za vikongwe akiuliza nani kazaliwa na nani, nani aligombana na nani, na walipatanaje, huku akilishwa magimbi mpaka anashindwa kuinuka.

Kisha binti yake aliyeko Auckland akamtumia simu mpya, yenye programu ya kutunga chochote. Jumatatu ya wiki ya harusi ya mpwa wake Lagimaina, Pelenato alijilaza mkekani, akaiambia simu, "Hotuba ya harusi. Iwe na uzito." Kabla hajajikuna, ikawa tayari.

"Sikiliza, Meripa," akamwambia mkewe. "'Leo bahari na nchi kavu zimeshikana mikono, na nyota zimeshuka kuwa mashahidi.' Miaka thelathini ya kazi, mimi sijawahi kuteremsha hata nyota moja!"

"Na Lagimaina yuko wapi humo?"

"Huyu hapa: 'bibi harusi mrembo.'"

"Haya. Hiyo simu yako ndiyo itakayokula nguruwe wa harusi, sio wewe."

Siku zilizobaki alikariri kidogo, akacheza karata sana.

Jumamosi wageni wa upande wa bwana harusi wakafika kwa mabasi mawili, na mikeka laini ya zawadi, ya kutosha kujaza kanisa. Msemaji wao, Iosua, mtu mnene mwenye sauti ya kinanda, akasimama wa kwanza.

"Leo bahari na nchi kavu," akanguruma, "zimeshikana mikono..."

Pelenato akadhani anaota. Nyota zikashuka. Zikawa mashahidi. Neno kwa neno, mpaka kwa bibi harusi mrembo. Wageni wakashangilia. Meripa, aliyeisikia hotuba hiyo wiki nzima, akajifunika uso kwa pepeo lake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Zamu yake ikafika. Akasimama, akaegemea fimbo yake. Akamtazama bwana harusi, Setu, naye Setu akamtolea macho kwa hofu, na jambo likamjia Pelenato akilini.

"Kijana huyu," akaanza, "mara ya kwanza alikuja hapa kununua nguruwe wangu. Nguruwe akakataa kuuzwa."

Mtu akacheka nyuma. Pelenato akaeleza jinsi nguruwe alivyomkimbiza Setu hadi bombani, Setu akaparamia tangi la maji, na Lagimaina, aliyekuwa akifua, akacheka mpaka akakaa chini kabla ya kumfukuza mnyama. "Sisi tulidhani anacheka. Kumbe anachagua!"

Uwanja ukalipuka. Pelenato akanogewa, akajitosa kwenye nasaba bila maandalizi, akasema mama wa bibi yake Setu alizaliwa kijiji kisicho chake.

"Uongo!" bibi mwenyewe, kikongwe, akafoka kutoka upande wa wageni. "Mama yangu hakuzaliwa huko kwenye mbu! Ulimuuliza nani?"

"Sikumuuliza mtu, bibi. Nisamehe."

"Ndiyo maana. Njoo hapa."

Akakaa miguuni pake mbele ya kadamnasi, akafundishwa vizazi vinne, akasimama na kurudia upya. Chakula kikachelewa, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mchungaji.

Baadaye Iosua akamsogelea na sahani. "Ndugu yangu, hotuba ile umeipata wapi? Simu yangu inatoa nyota tu."

"Ilisema nini juu ya Setu?"

"'Bwana harusi hodari.'"

"Hodari! Alikuwa juu ya tangi analia."

Wiki iliyofuata kukatokea msiba. Pelenato akaenda asubuhi kwa mjane, akaketi. Mjane akasema marehemu alikuwa mwema, mcha Mungu, kipenzi cha wote.

"Hayo hata simu inayajua, mama. Alikuwaje hasa?"

"Mchoyo wa ndizi. Alizificha chini ya kitanda, na wajukuu wote walipajua." Mjane akaanza kucheka, halafu akalia, na Pelenato akasogea karibu ili asikie vizuri.