Kereng'ende Mbele ya Kamati

Mwaka 1992 nilijiunga na kikundi cha kuchunguza wadudu wa vijitoni, mimi Hemlata ambaye nikiona mende napanda juu ya kiti. Mume wangu Shantilal, mwenye duka la misumari na rangi River Road, alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nilimwambia ni kwa ajili ya sayansi. Ukweli ni kwamba rafiki yangu Nyokabi, muuguzi wa Kangemi, aliniahidi cheo cha katibu.

Jumapili tulichota maji kwa vipande vya chandarua, watu wa Parklands kwao, wa Kangemi kwao, tukaangalia kilichomo. Siku ya kwanza niliteleza nikakaa majini na sari mpya. Lakini baada ya miezi tuliliona jambo: penye watoto wa kereng'ende, viluwiluwi vya mbu vilikuwa haba. Mbu walijaa kwenye mitaro iliyoziba.

Wakati huo maofisa wa afya walikuwa wamepanga kunyunyizia vijito vyote dawa ya mbu. Tukaomba kusikilizwa na kamati yao. Msemaji nikajiteua mwenyewe.

Mbele ya kamati nilianza na majina ya Kilatini. Mwenyekiti, Bwana Musembi, akafumba macho. Kisha nikasahau kabisa nilichotaka kusema. Kwa kubabaika nikamimina viluwiluwi vya mbu kwenye chupa niliyokuja nayo, yenye mtoto wa kereng'ende. Akakamata kimoja, akakitafuna.

Bwana Musembi akasogea. "Huyu ni nani?"

"Kereng'ende, kabla hajaota mabawa," nikasema.

"Na anakula mbu?"

"Siku nzima, mheshimiwa," Nyokabi akadakia. "Mkiweka dawa mtoni, huyu ndiye atakufa. Mbu watarudi upesi, yeye hatarudi upesi hivyo."

Kwa furaha nikainua mikono kama mshindi, nikaiangusha chupa mapajani mwa mwenyekiti. Aliruka! Nyokabi alitazama dari.

Hata hivyo, wiki chache baadaye uamuzi ulitoka: vijito visiguswe, mitaro izibuliwe kwanza, na kikundi chetu kiulizwe kila mwaka kabla ya mvua.

Wazibuaji walipofika Kangemi, nilisimama barabarani nikiwaelekeza kwa sauti kubwa. Mmoja wao, Odero, akaninyooshea sepetu.

"Mama, si ushike hii tu?"

Nikashika. Mgongo uliniuma wiki nzima, na Shantilal akanikanda akicheka.